Nukta Katikati ya Bwawa

Mke wa Fundi Redio alikuwa bwawani. Ndivyo ilivyosema ramani, ndivyo alivyosema Katibu wa klabu ya wapenzi wa redio, na ndivyo alivyoshikilia Mkuu wa Kituo, mtu ambaye akishashikilia jambo hata umpigie magoti habanduki. Tatizo lilikuwa moja tu. Wazamiaji walikuwa majini tangu saa moja asubuhi na mpaka sasa hawajaona hata kandambili.

Inspekta aliusukuma mlango wa chumba cha mahojiano kwa kiwiko, karatasi zimemjaa mikononi. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika tano mchana. Saa kumi kamili Fundi angesomewa shtaka la kumuua mkewe, na kuanzia hapo kila askari angekuwa anatafuta maiti. Hakuna ambaye angetafuta mtu aliye hai. Hilo ndilo lililomkereketa Inspekta, mwanamke naye, maana tangu aione orodha ya namba zilizotumwa na redio ya mke huyo roho yake ilikataa katakata kwamba mwenzake amekufa.

Fundi alikuwa ameketi kwenye kiti cha chuma, pingu mkononi tangu alfajiri, macho mekundu. Vidole vyake vilikuwa na makovu madogo ya kulehemu. Konani alikaa Koplo na daftari lake, tayari kuandika.

"Jana mchana ulikuwa wapi?" Inspekta aliuliza.

"Dukani. Nimeshasema."

"Duka lilifungwa. Mteja wako alisimama mlangoni saa nzima, televisheni begani, anakutukana mpaka majirani wakatoka."

Koplo alicheka kwa pua. Inspekta akamtupia jicho, kicheko kikafa.

"Mmoja wa majirani hao anasema asubuhi mligombana. Mkeo alipaza sauti kwamba hiyo redio umeigeuza mke mwenza."

"Alisema. Si mara ya kwanza."

"Na viatu vyako vina tope jekundu. Mjini hapa hakuna tope jekundu, baba. Njia ya mwongo fupi, na yako imeishia hapa mezani."

Fundi aliinamisha kichwa. Alipoanza kusema alisema kwa haraka, kama mtu anayetua mzigo.

"Nilimfuata. Nilichukua baiskeli nikamfuata mpaka njia panda ya vilimani, halafu nikajiambia, mimi mwanamume mzima, nikimbize mke barabarani kwa sababu ya maneno ya asubuhi? Nikageuza. Nikaenda kukaa mtoni mpaka jioni, nimenuna peke yangu. Aibu ikanifanya niseme nilikuwa dukani. Ningejua, Inspekta, wallahi ningejua..."

"Alikuwa anakwenda wapi?"

"Kumtafuta mwizi."

Maelezo yalitoka kidogo kidogo. Mkewe ni nesi wa zahanati. Betri za friji ya chanjo zilikuwa zimeibwa mara tatu mwaka huu, na kila zikiibwa chanjo zinaharibika na kina mama wanarudishwa nyumbani na watoto wao. Nesi alikuwa amesikia kwamba kila Jumanne kuna gari linapanda njia ya vilimani limebeba vitu vizito. Akaamua kulifuata kwa pikipiki ya zahanati.

"Nikamwambia hayo awaachie polisi," Fundi alisema. "Akanijibu polisi wameshaandika kwenye daftari mara tatu, na daftari halijawahi kumkamata mtu."

Koplo alilitazama daftari lake, kisha akatazama dirishani.

"Na akachukua redio yako."

"Kule simu hazishiki. Redio yangu ya mkononi ina kidude cha setilaiti ndani. Kila baada ya dakika kumi inajua ilipo, inatuma yenyewe, kituo cha klabu kinapokea, nukta inatokea kwenye ramani. Nilimfundisha mimi mwenyewe. Aliichukua kwa hasira, lakini aliichukua."

Inspekta alitandaza karatasi mezani. Katibu alikuwa amewaletea polisi picha ya ramani tu, yenye nukta nyekundu katikati ya bwawa. Inspekta, mtu asiyeamini hata mizani ya sokoni, alikuwa amemwagiza Koplo atoe orodha nzima kwenye mtandao wa klabu, kila ripoti na namba zake.

"Nisomee hii kama unavyomsomea mteja ubovu wa redio yake," alisema. "Hapa jana asubuhi anasafiri. Hapa amesimama kituo cha mafuta, ripoti tatu. Ona namba za mwisho. Pikipiki imesimama, lakini mkia wa namba unabadilika kila mara."

"Ni kawaida. Setilaiti ziko mbali, haziwezi kukushika kwa sentimita. Hata ukisimama kama nguzo, nukta inacheza mita mbili tatu."

"Sawa. Saa tano na dakika ishirini yuko njia ya vilimani. Halafu dakika arobaini kimya. Saa sita kamili, bwawani, kilomita arobaini kutoka pale. Na kuanzia hapo mpaka leo saa nane ni ripoti mia moja hamsini na saba." Aliburuta kidole chini ya ukurasa, akageuza wa pili, akageuza wa tatu. "Namba ni zile zile. Hakuna iliyocheza. Hata boya lingeyumba."

Fundi alinyanyua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri macho yake yalikuwa na kazi ya kufanya.

"Hii haikutoka setilaiti," alisema.

"Imetoka wapi?"

"Kwa vidole. Ukiwa ndani ya jengo la zege setilaiti haikuoni. Redio inakuruhusu uandike mahali ulipo kwa mkono, nayo inaendelea kurudia hivyo hivyo mpaka uifute. Nani aliwaambia iko majini?"

"Katibu. Alisema redio zile zinaelea, pengine imenasa kwenye matete."

"Katibu alisema hivyo?" Fundi alikunja uso. "Katibu anajua namba za mkono zinavyofanana. Yeye ndiye aliyetufundisha sote." Kisha akaishika karatasi kwa mikono yote miwili, pingu zikagonga meza. "Ngoja. Safu hii ya mwisho ni nguvu ya mawimbi. Njiani ilikuwa mbili, tatu. Tangu saa sita ni tisa. Inspekta, redio ya mkononi haiwezi kupiga tisa. Hii imefungwa kwenye antena ndefu."

"Antena ndefu ziko wapi?"

"Ya klabu. Ya hospitali kuu. Na..." Alisita. "Na mnara wa zamani kilimani, ule walioutelekeza. Una chumba cha zege chini, kina waya wa antena bado. Lakini mnara hauko bwawani. Uko kilomita mbili tu kutoka pale nukta yake ya mwisho njiani iliposimama."

"Kwa hiyo ameandika mahali sipo."

"Mke wangu hajui kudanganya hata kwa karata."

"Sijasema amedanganya. Chumbani mle angeisoma wapi namba ya mahali?"

Fundi alifumba macho. Alikuwa amewahi kufanya kazi kwenye mnara ule, miaka hiyo bado unatumika. "Kuna kibao cha bati nyuma ya mlango. Jina la mnara na namba za mahali ulipo." Akafumbua macho ghafla, akalaani kwa sauti ya chini. "Kibao kimeandikwa kwa desimali!"

"Nieleze mimi nisiyejua kitu."

"Digrii moja ina dakika sitini, kama saa. Nusu ya digrii ni dakika thelathini, sivyo? Lakini waliochonga kibao hawatumii dakika, wanaigawa kwa kumi na kwa mia. Nusu kwao ni nukta hamsini. Redio yangu inataka dakika. Kila mwanafunzi wa redio anakosea hapo siku ya kwanza, na mimi sikumfundisha, nilikuwa na haraka. Kibao kinasema nukta arobaini na moja, yeye ameandika dakika arobaini na moja!"

Inspekta alishavuta kalamu. Nukta arobaini na moja mara sitini, dakika ishirini na nne na ushei. Namba ya pili, nukta thelathini na sita na mkia wake, ikawa dakika ishirini na mbili. Koplo aliinuka bila kuambiwa, akatandaza ramani ya wilaya, akapiga mistari miwili kwa rula. Mistari ilikatana juu ya kilima, penye alama ndogo ya mnara.

Fundi alianza kulia waziwazi, hakujificha.

"Safu hii nyingine?" Inspekta aliuliza, maana hakuwa na nafasi ya machozi.

"Betri." Fundi alijifuta kwa mkono wa shati. "Jana saba na nukta nne. Sasa sita na nukta saba. Ikifika sita na nusu inazima."

"Itachukua muda gani?"

"Saa moja. Pengine isifike."

Inspekta alitoka ukumbini akampigia Mkuu wa Kituo. Aliongea dakika mbili, akasikiliza dakika tano. Mkuu alisema redio hutuma yenyewe hata mwenyewe akiwa maiti, na mtu wa kwanza anayejua kuandika namba za uongo ni huyo huyo Fundi. Magari yote yako bwawani na yatabaki bwawani. Akitaka saa kumi isogezwe, amletee mtu anayepumua.

"Koplo, chukua pikipiki yangu," alisema aliporudi. "Beba mtaimbo na maji. Kufika kilimani ni saa nzima, wewe utatumia dakika hamsini, na usianguke. Ukipita zahanati waambie gari la wagonjwa likufuate."

Koplo hakusubiri kuambiwa mara mbili.

"Angekuwa hai angeita kwa sauti," Inspekta alimwambia Fundi, taratibu. "Siku nzima kimya. Lazima nikuulize."

"Ameita. Namjua mke wangu, hawezi kunyamaza hata akiwa na mafindofindo. Lakini ameita kwenye njia ya ripoti, hajui kuhamia njia nyingine. Na njia ile, Inspekta, hakuna anayeisikiliza. Ripoti zikipita zinakwaruza masikio, kama mafuta ya moto yaliyomwagiwa maji. Sote tunazima sauti, tunaiachia kompyuta. Ni desturi yetu." Akainua kichwa ghafla. "Isipokuwa Katibu. Yeye huiacha sauti ya chini mchana kutwa, anasema bila ile kelele hajui kama kituo kiko hai. Tunamtania kwamba ndiyo kaswida yake."

Inspekta akamshika Fundi mkono.

"Twende tukamsalimie Katibu."

Kituo cha klabu kilikuwa chumba kimoja ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Katibu aliwafungulia mwenyewe. Alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Alipoziona pingu aliweka mkono moyoni.

"Karibuni, afande. Pole, Fundi. Pole sana, ndugu yangu. Shemeji yangu yule, jamani! Jana usiku sikulala."

"Asante," Inspekta alisema. "Hatukai."

Alitembeza macho. Meza ndefu. Kompyuta yenye ramani, nukta nyekundu palepale bwawani. Redio kubwa ya kituo, taa yake ya kijani inawaka. Chini ya meza betri mbili kubwa kama masanduku ya askari, ubavuni zimekwanguliwa pale panapoandikwa namba. Juu ya redio vumbi la miezi, na katikati ya vumbi mraba safi, ukubwa wa tofali.

"Hapa palikaa nini?"

"Spika, afande. Imekufa. Nimeipeleka kwa fundi."

"Lini?"

"Leo asubuhi. Kwenye saa tatu."

"Kwa fundi yupi?"

"Si huyu h..." Katibu alijikwaa. Ulimi ulikuwa umezoea, maana mjini pale spika ya klabu haijawahi kutengenezwa na mtu mwingine.

"Huyu hapa yuko kwangu tangu alfajiri," Inspekta alisema. "Hata salamu hajapokea, sembuse spika. Keti, Katibu. Pale, mbali na meza, mikono juu ya magoti."

"Afande, naona hatuelewani. Mimi ndiye niliyewasaidia..."

"Keti!"

Katibu aliketi. Inspekta alijisogeza mpaka akawa kati yake na mlango.

Fundi alikuwa ameshafika mezani. Kwa mikono iliyofungwa pamoja alichomoa spika ndogo ya kompyuta, akaupapasa mgongo wa redio, akakuta tundu, akachomeka. Akaongeza sauti mpaka mwisho. Ukatoka upepo mtupu, shaaa, ukajaa chumba kizima. Halafu mkwaruzo mkali ukawarusha wote watatu, ripoti ya saa nane na dakika hamsini. Kompyuta ikaandika. Namba zile zile. Betri, sita na nukta sita.

"Ita," Inspekta alisema.

Fundi alichukua kipaza sauti. Kidole kikatafuta kitufe. Kwa sheria ya klabu ilikuwa mwiko kusema neno kwenye njia ile, na mwiko wa miaka mingi hautoki kwa dakika moja. Akabonyeza.

"Nesi. Nesi, unanisikia? Jibu."

Shaaa.

"Mama watoto. Bonyeza kitufe cha pembeni, useme. Nakusikiliza."

Shaaa. Inspekta alihesabu moyoni mpaka kumi, mpaka ishirini. Katibu alikuwa anatazama sakafu, na jasho lilikuwa linamshuka shingoni mpaka kwenye kola yake nzuri.

"Nawaambieni betri yake itakuwa..." Katibu alianza, akanyamaza.

"Itakuwaje?" Inspekta alimgeukia. "Endelea. Betri ya nani? Ya redio inayoelea kwenye matete?"

Fundi alibonyeza tena, safari hii akasahau sheria zote na aibu zote.

"Mke wangu, nisamehe! Sema chochote. Kohoa tu!"

Upepo ulikatika. Kitu kiligonga, kama redio imeangushwa chini na kuokotwa. Kisha sauti ya mwanamke, kavu, ya chini, ya mtu ambaye midomo imemgandamana.

"Shemeji Katibu? Ni wewe?"

Inspekta alimwashiria Fundi asijibu kwanza.

"Mbona umekawia hivyo, shemeji? Nimenyamaza kama ulivyoniambia jana, nisimalize betri. Sijaita tena hata mara moja. Lakini maji yameisha tangu usiku, na aliyenifungia mlango sikumwona, alikuja kwa nyuma. Uko karibu?"

Fundi alimgeukia mtu aliyeketi kwenye kiti. Kumbe mkewe aliita jana ile ile, akasikika, akajibiwa. Akaambiwa na rafiki wa nyumba yao, mwenye betri za zahanati chini ya meza, anyamaze, naye akatii, siku nzima gizani, huku Katibu akiing'oa spika ili asimsikie tena na akingoja betri ife. Fundi alitaka kumrukia. Inspekta aliuwahi mkono wake, akatumbukiza ufunguo, pingu zikafunguka. Akazivuta, akavuka chumba kwa hatua mbili, na Katibu akainua mikono bila kuambiwa.

"Mjibu mkeo," Inspekta alisema, mgongo amempa. "Mwambie Koplo yuko njiani na maji. Asilale."

Fundi alibonyeza kitufe.

"Si Katibu," alisema. "Ni mimi. Askari anakuja na pikipiki, ana maji, usilale. Nusu saa tu. Unanisikia? Ni mimi."

Upepo ulivuma, ukavuma. Halafu Nesi akacheka, kicheko kidogo kilichokwaruza koo, akaanza kulia, akajikaza.

"Ah, ni wewe, baba watoto! Afadhali," alisema. "Basi mwambie shemeji asijisumbue tena kuja. Na umshukuru sana."